Mzimu Una Hati ya Nyumba

Bwana harusi ana umri wa miaka 15, mgonjwa mgonjwa, na siku ya kuoa imefika. Wageni wameshakusanyika kanisani. Baba yake, Manfred, mtawala wa Otranto kule Italia, anatuma mtu akamwite. Mtumishi anarudi mbio, macho yamemtoka, povu mdomoni, hasemi kitu, anaonyesha uani kwa kidole. Uani kijana amepondwa chini ya kofia ya chuma ya vita, kubwa mara mia kuliko kofia yoyote iliyowahi kufuliwa kwa kichwa cha binadamu, na juu yake lundo la manyoya meusi.

Ndivyo inavyoanza The Castle of Otranto, riwaya ya Horace Walpole iliyotoka London tarehe 24 Desemba 1764, ambayo wengi huihesabu kuwa mama wa fasihi ya kigothiki, yaani hadithi za majumba ya kale, siri na mizimu. Walpole, mbunge na mtoto wa waziri mkuu, hakuthubutu kuweka jina lake. Alidai kwamba ni tafsiri ya kitabu cha kale cha Kiitaliano. Watu walipokipenda ndipo akajitokeza, na katika toleo la pili, la mwaka 1765, akakiri kwamba kitabu ni chake na kuliongezea maneno: hadithi ya kigothiki. Wagothi ni kabila lililolaumiwa kwa kuiangusha Roma, na kwa karne nyingi jina lao lilitumika kudharau chochote cha kale, kizito na chenye giza. Walpole alilichukua tusi akalivaa.

Nikimwambia mtu kwamba nasoma vitabu hivi, huniuliza kama usiku siogopi. Swali hilo linatokana na sinema: mishumaa, popo, mlango unaolia, binti aliyevaa gauni jeupe akikimbia ngazini. Hayo yote yamo, na mengine yameandikwa vibaya sana. Lakini ukivumilia mpaka kurasa za mwisho za Otranto utakuta sababu ya ile kofia. Ricardo, babu yake Manfred, alikuwa mtumishi wa ndani wa Alfonso, mwenye kasri. Walipokuwa safarini katika nchi takatifu alimlisha bwana wake sumu, kisha akaghushi wosia uliomtaja yeye kuwa mrithi. Kumbe habari yote ni kesi ya mirathi. Kuna hati ya uongo, kuna familia inayokaa katika nyumba isiyo yake, na kuna marehemu anayeijua hati ya kweli.

Hoja yangu imesimama hapo. Tukivisoma vitabu hivi kama hadithi za kutisha tu, vimeshapitwa, kwa sababu habari za saa mbili usiku zinatisha kuviliko. Tukivisoma kama vitabu vya deni, vinaongea na leo kuliko riwaya nyingi zilizotoka mwaka jana. Mzimu ndani yake ni mdai. Umekuja kwa sababu kuna kitu kilichukuliwa na hakijarudishwa, na waliokichukua wameshaanza kukiita chao.

Kiswahili kinatusaidia hapa kwa namna ambayo lugha ya Walpole mwenyewe haikumsaidia. Kwetu mzimu ni roho ya aliyekufa, na vilevile ni mahali: pango, mbuyu, gofu la zamani ambako watu hupeleka ubani na sadaka. Neno moja limembeba mwenyewe na makazi yake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwa nini katika riwaya hizi nyumba na marehemu havitenganishwi.

Chukua wanawake wa riwaya hizi. Mwaka uleule wa 1765, mwanasheria William Blackstone alitoa juzuu la kwanza la ufafanuzi wake wa sheria za Uingereza. Humo aliandika kwamba kwa ndoa mume na mke wanakuwa mtu mmoja mbele ya sheria, na kwamba kuwepo kwa mwanamke kisheria kunasimamishwa kwa muda wote wa ndoa. Mtu ambaye kisheria hayupo, ila anatembea, anakula na anasikia anayosemwa! Ann Radcliffe hakulazimika kubuni sana alipoandika The Mysteries of Udolpho mwaka 1794. Montoni anamwoa shangazi wa binti aitwaye Emily, anawapeleka wote wawili kwenye ngome yake milimani, na mke wake anapokataa kumwandikia mashamba yake ya Ufaransa, anamfungia mnarani mpaka mama yule anaishiwa nguvu na kufa. Kisha anamgeukia Emily kwa karatasi zilezile. Wasomaji wa zamani walizungumza mno kuhusu pazia jeusi na kilichokuwa nyuma yake (ilikuwa sanamu ya nta). Mimi kilichonikaa moyoni ni kalamu. Katika kitabu hicho kirefu, silaha ambayo Emily anaishika kweli ni kule kukataa kutia saini.

Wake wa Uingereza walisubiri mpaka sheria ya 1882 ndipo wakaruhusiwa kumiliki mali yao wakiwa ndani ya ndoa. Je, mambo hayo yamekwisha? Mwaka 2008 mahakama ya California iliweka mwili na mali ya mwimbaji Britney Spears chini ya usimamizi, na baba yake akawa miongoni mwa wasimamizi. Mwanamke mzima, anayejaza kumbi za maonyesho, hakuwa na mamlaka juu ya pesa alizozichuma mwenyewe. Ilidumu mpaka Novemba 2021. Alipoieleza mahakama maisha yake, dunia ilishangaa kana kwamba haijawahi kusikia kitu kama hicho. Msomaji wa Radcliffe asingeshangaa. Angeuliza tu funguo anazo nani, na saini inatakiwa kwenye karatasi gani.

Na tunapotaja waliofungiwa hatuwezi kumruka Bertha Mason. Katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë, iliyotoka 1847, mke wa kwanza wa Bwana Rochester amefungiwa ghorofa ya juu ya jumba la Thornfield, na usiku kinasikika kicheko. Wasomaji wengi hukumbuka kicheko, halafu moto. Wachache hukumbuka kwamba Bertha alitoka Jamaika, binti wa mwenye mashamba, na kwamba aliolewa kwa mpango wa familia kwa sababu alikuja na paundi 30,000. Pesa yake ilipokewa, yeye akapandishwa juu na mlango ukafungwa. Anapolichoma jumba, riwaya inataka tuone wazimu. Ilibidi tusubiri mpaka 1966, Jean Rhys, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, alipoandika Wide Sargasso Sea na kumpa yule mwanamke utoto wake, nyumba yao na jina lake la awali. Sijui mfano mwingine ulio safi hivyo wa kitabu kimoja kulipa deni la kingine.

Jamaika inanileta kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu lingetosha peke yake kuvirudisha vitabu hivi mezani.

Majira ya joto ya 1816 yanasimuliwa kila mahali. Mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka Aprili 1815, majivu yakatanda angani, na mwaka uliofuata Ulaya ikakosa jua. Lord Byron, mshairi Mwingereza, alikuwa amepanga jumba la Diodati kando ya ziwa la Geneva, akiwa na daktari wake kijana John Polidori. Jirani walikuwapo mshairi Percy Shelley, Mary aliyekuwa na umri wa miaka 18, na ndugu yake wa kambo Claire Clairmont. Mvua haikatiki, wakashindana kutunga hadithi za mizimu, na ndipo Mary akaipata Frankenstein. Usimulizi huwa unaishia hapo, kwenye radi na mshumaa.

Lakini mwezi Agosti alifika mgeni mwingine: Matthew Lewis, mwandishi wa The Monk, riwaya ya kigothiki iliyowashtua Waingereza mwaka 1796 alipokuwa na miaka 20 tu. Lewis aliwasimulia wenyeji wake hadithi za mizimu. Alikuwa pia ametoka Jamaika, alikokwenda kuyatazama mashamba mawili ya miwa aliyoyarithi kwa baba yake pamoja na mamia ya watumwa. Alichokiona kilimsumbua. Tarehe 20 Agosti 1816, ndani ya jumba lilelile la Diodati, aliandika nyongeza ya wosia wake: atakayeyarithi mashamba yale sharti awe anakwenda Jamaika mara kwa mara na kukaa huko, ajionee mwenyewe watumwa wanavyotendewa. Mashahidi waliotia saini ni Byron, Shelley na Polidori.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi kichwani. Kwenye meza za nyumba moja, katika majira yaleyale, kulikuwa na hadithi za mizimu na kulikuwa na wosia wa kurithisha binadamu. Lewis hakuwaacha huru watu wale. Aliagiza wasipigwe ovyo, waangaliwe, warithishwe kwa masharti. Miaka miwili baadaye alikufa kwa homa ya manjano melini akirejea kutoka Jamaika. Inasimuliwa kwamba jeneza lake lilipotupwa baharini halikuzama; shuka lililofungwa juu yake lilishika upepo kama tanga, likaelea kurudi upande wa kisiwa. Kama ni kweli au ni chumvi ya mabaharia, anayesimulia anaelewa marehemu alikuwa na deni wapi.

Wala hakuwa peke yake. William Beckford, mwandishi wa Vathek ya mwaka 1786, alirithi akiwa bado mtoto utajiri mkubwa uliotoka kwenye miwa na watumwa wa Jamaika, akajijengea Fonthill Abbey, jumba la kigothiki la kweli, lenye mnara mrefu uliojengwa kwa pupa. Mnara ulianguka mwaka 1825. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, zilitengwa paundi milioni 20 za fidia, na fidia hiyo walipewa waliokuwa wakimiliki watumwa. Waliotumikishwa hawakupewa hata senti. Serikali ilikopa ili ilipe, na salio la mikopo hiyo liliendelea kubebwa na walipa kodi hadi mwaka 2015. Ina maana kwamba mjukuu wa mtumwa wa Jamaika aliyehamia London na kufanya kazi ya basi au ya uuguzi alikatwa kodi kulipia fidia ya bwana wa babu yake. Dawa ya deni ni kulipa, tunasema. Hapa deni lililipwa kwa miaka karibu 180, na aliyedai hakulipwa.

Sasa Frankenstein yenyewe, iliyotoka tarehe 1 Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi. Siku hizi kila mtu anaitaja. Kila kompyuta inapofanya jambo jipya, mwandishi wa gazeti hutuonya kwamba binadamu ameunda zimwi litakalomgeuka. Usomaji huo umenichosha, kwa sababu Mary Shelley hakuandika hivyo. Kiumbe wake hazaliwi mkatili. Anajificha bandani karibu na familia maskini, anawakatia kuni usiku kwa siri, anajifunza lugha kwa kuwasikiliza, anasoma mashairi ya Milton. Kinachomharibu ni kukimbiwa na Victor Frankenstein, aliyemuumba, saa ileile alipofumbua macho, asimpe hata jina. Na Justine, mtumishi wa ndani asiye na kosa, anapohukumiwa kunyongwa kwa mauaji yaliyofanywa na kiumbe huyo, Victor anajua ukweli na anaufunika moyoni. Bwana amekopa, mtumishi amelipa.

Kuna swali jingine ambalo hata wahakiki hawaliulizi sana. Ule mkono wa kiumbe ulikuwa wa nani? Victor anasema wazi kwamba vifaa vyake alivipata kwenye vyumba vya mifupa, kwenye chumba cha kupasulia maiti na machinjioni. Kila kiungo cha kiumbe yule kilikuwa na mwenyewe, aliyekuwa na mama na jina. Victor hasemi lolote juu yao. Wasomaji wa 1818 walijua ni watu gani. Vyuo vya udaktari vilihitaji maiti, na maiti zilipatikana kwa kunyongwa au kwa kufukuliwa usiku. Kule Edinburgh mwaka 1828, William Burke na William Hare waliua watu 16 na kuwauza kwa mwalimu wa upasuaji. Bunge lilijibu kwa sheria ya 1832: maiti za waliofia katika nyumba za maskini zisipodaiwa na ndugu, zipewe vyuo. Neno hilo, kudaiwa, litazame vizuri. Kosa la maiti ilikuwa kukosa mdai.

Kwa hiyo nikisoma leo kuhusu mashine zinazoandika na kuzungumza, swali linalonijia ni lile la mkono. Mwanzoni mwa 2023 jarida la Time liliripoti kwamba vijana wa Nairobi walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na unajisi, ili programu ya akili bandia ya kampuni ya Marekani ijifunze kuyakwepa. Wengine walisema kazi ile iliwaachia majinamizi. Tumeambiwa mashine hiyo imetengenezwa California. Viungo vyake ni vya watu wengi mno: waliosoma usiku kucha Nairobi, walioandika vitabu, waliopiga soga kwenye mitandao. Anayetaka kuitumia Frankenstein kwa ajili ya zama hizi aanzie kwenye meza ya Victor, kabla umeme haujapita, aulize kila kipande kilitoka kwa nani na kama aliombwa.

Dracula, iliyotoka Mei 1897, tunaikumbuka kwa meno. Kitabu chenyewe kinaanza na mauzo ya nyumba. Jonathan Harker ni wakili kijana aliyetumwa Transylvania kumalizia hati za jumba la Purfleet, karibu na London, kwa mteja tajiri. Mteja ana maktaba ya vitabu vya Kiingereza na ratiba za treni, na anafanya mazoezi ya lafudhi ili akifika asijulikane kuwa mgeni. Ananunua kihalali. Anafika na masanduku 50 ya udongo wa kwao, halafu anaanza kuwanyonya wenyeji damu. Mhakiki Stephen Arata alionyesha mwaka 1990 kwamba hofu hii ni ya mkoloni anayeota kutawaliwa. Naafiki. Mwaka 1897 ndio majeshi ya Uingereza yalipoiteketeza Benin, mji wa kifalme katika Nigeria ya leo, na kubeba shaba zake. Walioshangilia hayo ndio waliolala taa ikiwaka wakisoma habari za mgeni mwenye adabu anayejifunza lugha yao kabla ya kuja kuwamaliza. Na Bram Stoker, mwandishi wa Dracula, alikuwa mtu wa Dublin. Ireland iliwajua vizuri wenye ardhi wasiokaa kwenye ardhi.

Upande wetu wa bahari watu walikuwa na Dracula wao bila kuhitaji kitabu. Waliokulia Afrika Mashariki ya kikoloni waliambiwa wajihadhari na mumiani, na wazimamoto wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu ya kutengenezea dawa za Wazungu. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939 ilieleza mumiani kuwa dawa nyeusi kama gundi, ikaongeza kwamba wenyeji wengi huamini ni damu ya watu iliyogandishwa. Maofisa waliandika kwamba huo ni ujinga. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo Kenya, Uganda na kwingineko, akachapisha kitabu mwaka 2000, na rai yake ni kwamba uvumi huu tuusome kama ushahidi wa jinsi watu walivyouona ukoloni. Ukiuweka kando ya Dracula unapata kitu cha ajabu: mtawala na mtawaliwa, katika kizazi kimoja au viwili, kila mmoja akisimulia kwamba kuna mtu ametoka mbali kuja kunyonya damu yake. Mmoja wao alikuwa na sababu.

Sitaki kuvipamba vitabu hivi. Vingi vina chuki dhidi ya Wakatoliki, Wayahudi, Waitaliano na watu weusi, na havioni haya. Vingi pia vinaogopa mwisho wa hoja yake: vikishafichua dhuluma, vinaleta ndoa na urithi halali, pazia likashushwa. Hata Jane anaokolewa na paundi 20,000 za mjomba mfanyabiashara wa Madeira, na Brontë hatuambii pesa hizo zilichumwaje. Pale mwandishi anapoacha kuuliza ndipo msomaji wa leo anapoanza kazi.

Na msomaji wa Kiswahili hafiki kwenye kazi hiyo mikono mitupu. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale wa mwaka 1960, anatupeleka kwenye mzimu ambao kila mtu anauogopa, kisha mpelelezi wake, Bwana Msa, anauliza nani anafaidika na hofu hiyo, njia ileile ya Radcliffe ya kufunua pazia. C. G. Mung'ong'o aliita riwaya yake ya 1977 Mirathi ya Hatari, kijana anarithi uchawi wa baba yake. Mirathi, tena. Ningependa kuona wanafunzi wanapewa Mung'ong'o na Walpole muhula mmoja, waulizwe marehemu kaacha nini na nani kalazimishwa kupokea.

Turudi Otranto. Kulikuwa na utabiri wa zamani kwamba kasri litaitoka familia ile siku mwenyewe wa kweli atakapokuwa mkubwa kiasi cha kutoenea ndani yake. Na kweli anafika vipande vipande: kofia uani, mguu wa chuma kwenye chumba kikubwa, mkono juu ya ngazi, upanga unaobebwa na wanaume mia. Mwishoni kuta zinaporomoka, Alfonso anasimama katikati ya vifusi na kumtaja mrithi wake, Theodore. Theodore tulishamwona asubuhi ya harusi. Ni kijana mkulima aliyesimama uani na wenzake, akaitazama ile kofia, akasema inafanana na iliyo kwenye sanamu ya Alfonso kanisani. Kwa neno hilo Manfred aliamuru afungiwe chini ya kofia ileile.